Kanuni za Mazingira na Biashara ya Kimataifa: Kiini cha Mvutano Kati ya Nchi Zinazoendelea na Nchi Tajiri

Kuanzia tarehe 30 Desemba 2026, kampuni kubwa na za kati zinazoingiza kahawa katika soko la Umoja wa Ulaya zitatakiwa kuwasilisha latitudo na longitudo ya kila shamba ilikovunwa kahawa hiyo, pamoja na tamko kwamba ardhi husika haikufyekwa kutoka msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kampuni ndogo zimepewa muda hadi tarehe 30 Juni 2027. Sharti hilo limo katika Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 2023/1115 kuhusu bidhaa zinazohusishwa na uharibifu wa misitu, ambayo inagusa pia kakao, mawese, mpira, soya, mbao na mazao ya ng'ombe.

Kwa mkulima wa Karagwe au Mbinga mwenye miche mia chache nyuma ya nyumba yake, sharti hili ni geni. Katika historia ya biashara ya kimataifa, si geni hata kidogo. Kwa zaidi ya miaka thelathini nchi tajiri zimekuwa zikifunga masoko yao, au kutishia kuyafunga, kwa hoja ya kulinda wanyama, hewa au misitu. Nazo nchi zinazoendelea zimekuwa zikiuliza iwapo hoja hiyo ni ya kweli au ni ukuta mpya uliojengwa mahali palipobomolewa ukuta wa ushuru.

Mashauri yaliyotokana na mvutano huo yana jambo moja linalojirudia. Ni nadra kwa nchi inayolalamika kudai kwamba mazingira hayastahili kulindwa. Ubishi huwa ni juu ya nani ameandika kanuni, nani ameshauriwa kabla ya kuandikwa, nani amepewa muda wa kujiandaa, na nani atalipa gharama za kuitekeleza.

Msingi wa kisheria

Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara wa mwaka 1947, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake cha GATT, unazikataza nchi wanachama kubagua bidhaa zinazofanana kwa sababu tu ya nchi zinakotoka, au kuipendelea bidhaa ya ndani mara ile ya nje inapokwisha kuvuka forodha. Mkataba huo sasa ni sehemu ya sheria za Shirika la Biashara Duniani, WTO, lililoanza kazi mwaka 1995.

Ibara ya XX ya mkataba inaruhusu kuachana na masharti hayo kwa sababu maalumu. Aya ya (b) inahusu hatua zinazohitajika kulinda uhai au afya ya binadamu, wanyama na mimea. Aya ya (g) inahusu uhifadhi wa maliasili zinazoweza kwisha. Hata hivyo, ibara hiyo inaanza kwa maneno ya utangulizi yanayosema kwamba hatua yoyote ya namna hiyo isitumike kibaguzi, kiholela au pasipo sababu ya haki, wala isiwe kizuizi cha biashara kilichovikwa vazi jingine. Wasomaji wengi huruka utangulizi huo na kukimbilia aya. Majaji hawakufanya hivyo, na mashauri mazito zaidi yaliamuliwa humo.

Shauri lililofungua mlango lilikuwa la jodari. Katika Bahari ya Pasifiki ya mashariki, makundi ya jodari huogelea chini ya pomboo, na wavuvi huzungushia nyavu pomboo ili wawapate jodari. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 ya kulinda mamalia wa baharini ilitumika kuzuia jodari wa Mexico kuingia Marekani. Mwaka 1991 jopo la GATT liliipa Mexico haki: jodari ni jodari, na nchi haiwezi kuikataa bidhaa kwa sababu ya namna ilivyopatikana nje ya mipaka yake. Uamuzi huo uliwashtua wanamazingira kote duniani, lakini haukupitishwa rasmi kamwe. Mexico ilikuwa ikijadiliana na Marekani na Kanada kuhusu eneo huru la biashara na haikutaka kulisukuma jambo hilo. Ilirudi mwaka 2008, safari hii ikipinga masharti ya lebo ya jodari aliyevuliwa kwa njia salama kwa pomboo. Shauri hilo la pili lilikwisha mwaka 2019, na Marekani ndiyo iliyoshinda.

Mwaka mmoja baada ya uamuzi wa kwanza wa jodari, viongozi wa dunia walikutana Rio de Janeiro. Kanuni ya 12 ya Azimio la Rio ilizitaka nchi ziepuke kuchukua hatua za upande mmoja dhidi ya matatizo ya mazingira yaliyo nje ya mamlaka yao, na kwamba hatua za namna hiyo, kadiri inavyowezekana, zitokane na makubaliano ya kimataifa. Kanuni ya 7 ilikiri kuwa mataifa yana wajibu wa pamoja lakini unaotofautiana. Maneno hayo hayana nguvu ya mkataba, lakini yamenukuliwa na nchi zinazoendelea katika karibu kila mjadala uliofuata.

Shauri la kwanza kabisa kuamuliwa na WTO nalo lilihusu mazingira. Venezuela na Brazili zilipinga kanuni za Marekani kuhusu usafi wa petroli. Viwanda vya Marekani viliruhusiwa kupimwa kwa takwimu zao wenyewe za miaka iliyopita, ilhali wasafishaji wengi wa nje walipimwa kwa kiwango kilichowekwa na sheria. Mwaka 1996 Marekani ilishindwa, na mwaka uliofuata ilirekebisha kanuni hizo. Hakuna aliyesema hewa safi si jambo jema. Kilichokataliwa ni mizani miwili.

Shauri la kamba na kasa

Shauri linalostahili kusomwa kwa utulivu kuliko yote ni lile la kamba na kasa. Aina zote saba za kasa wa baharini zimo katika orodha ya kwanza ya mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Kasa hupumua hewa. Akinaswa katika wavu unaokokotwa chini kwa muda mrefu, hufa maji. Dawa yake ni kifaa rahisi: kichujio cha vyuma kinachofungwa kwenye shingo ya wavu, kikiwa na mlango. Kamba hupenya kati ya vyuma na kwenda mwishoni mwa wavu, wakati kasa hugonga vyuma na kusukumwa nje. Kikifungwa vizuri, karibu kasa wote huokoka.

Mwaka 1989 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu cha 609, kilichozuia kamba kutoka nchi zisizowalinda kasa kwa namna inayolingana na ya Marekani. Mwanzoni kilitumika kwa nchi za Karibiani na pwani ya magharibi ya Atlantiki, nazo zilipewa miaka mitatu ya kujiandaa pamoja na msaada wa kitaalamu. Kisha, mwezi Desemba 1995, mahakama ya biashara ya Marekani iliamuru kifungu hicho kitumike duniani kote ifikapo Mei 1996. Wavuvi wa Asia wakajikuta na takribani miezi minne.

India, Malaysia, Pakistani na Thailand zilifungua shauri. Thailand ilikwisha kupata ithibati ya Marekani kabla ya shauri kuamuliwa, lakini ilibaki kwenye kesi kwa ajili ya kanuni inayobishaniwa. Tarehe 12 Oktoba 1998 Chombo cha Rufaa cha WTO kilitoa uamuzi uliozishangaza pande zote mbili.

Kwanza, kilisema viumbe hai vinaweza kuwa maliasili zinazoweza kwisha, na kwamba kifungu cha 609 kwa asili yake kinaingia katika aya ya (g). Hilo lilikuwa pigo kwa walalamikaji, kwa kuwa mlango ambao jopo la jodari liliufunga sasa ulikuwa umefunguliwa. Pili, kilisema namna Marekani ilivyotekeleza sheria yake ilivunja utangulizi wa Ibara ya XX. Marekani ilifanya mazungumzo na kufikia mkataba na nchi za mabara ya Amerika, lakini haikufanya jitihada kama hizo na nchi za Asia. Wengine walipewa miaka, wengine miezi. Nchi iliyonyimwa ithibati haikupewa sababu kwa maandishi wala nafasi ya kukata rufaa. Zaidi ya hayo, kamba aliyevuliwa kwa wavu wenye kifaa hicho bado alikataliwa ikiwa nchi anakotoka haikuwa na ithibati. Hapo ndipo hoja ya kasa ilipojidhoofisha yenyewe, kwani mvuvi wa Kerala aliyefanya kila alichoambiwa alifungiwa soko sawa na yule aliyekaidi.

Magazeti mengi yaliandika kwamba Marekani imeshindwa. Kilichofuata kinaonesha ushindi huo ulikuwa wa namna gani. Marekani haikufuta kifungu cha 609. Mwaka 1999 ilibadili miongozo yake: ikakubali mipango yenye ufanisi unaolingana hata kama haifanani na wake, ikaruhusu shehena kukaguliwa mojamoja, ikatoa msaada wa kitaalamu, na ikaanza mazungumzo na nchi za Bahari ya Hindi. Malaysia ikarudi WTO ikidai kwamba marufuku yenyewe lazima iondolewe hadi mkataba ukamilike. Mwaka 2001 ikashindwa. Chombo cha Rufaa kilisema jitihada za dhati za kujadiliana zinatosha. Matokeo ya majadiliano hayawezi kudhaminiwa na upande mmoja.

Mazungumzo hayo ya Bahari ya Hindi ndiyo yaliyozaa Hati ya Makubaliano ya mwaka 2001 kuhusu uhifadhi wa kasa wa Bahari ya Hindi na Kusini-Mashariki mwa Asia. Tanzania na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizotia saini, na kasa wanaotaga mayai katika fukwe za Mafia na Kiunga wamo katika hifadhi ya makubaliano hayo. Nchi zetu hazikuwa walalamikaji katika shauri lile, lakini zimo katika matunda yake.

Kutoka mawese hadi kahawa

Baada ya kasa, uwanja wa mapambano ulihamia msituni. Umoja wa Ulaya uliamua kwamba nishati inayotokana na mazao isihesabiwe kuwa safi ikiwa kilimo cha zao hilo kinasogea kwenye ardhi yenye hazina kubwa ya kaboni. Ukaweka kikomo cha asilimia 10. Kwa hesabu zake, asilimia 45 ya upanuzi wa mashamba ya michikichi duniani tangu mwaka 2008 ulifanyika kwenye ardhi ya aina hiyo, na kwa soya ni asilimia 8. Kwa hiyo mawese yakaangukia upande wa hatari, na matumizi yake kama nishati ya kutimiza malengo ya Ulaya yakapangiwa kukoma ifikapo mwaka 2030. Soya ikapita.

Indonesia na Malaysia, ambazo kwa pamoja huzalisha zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia, zilifungua mashauri mwaka 2019 na 2021. Zilisema kikomo hicho kimechorwa ili kulinda wakulima wa alizeti na rapa wa Ulaya. Uamuzi wa shauri la Malaysia ulitolewa Machi 2024 na ule wa Indonesia Januari 2025. Yote mawili yanafanana kwa umbo na uamuzi wa kasa: Umoja wa Ulaya una haki ya kuweka sera ya namna hiyo, lakini ulikosea katika utekelezaji, hasa kwa kutohuisha takwimu na kwa kasoro katika utaratibu ambao ungewaruhusu wazalishaji waaminifu kuthibitisha kwamba mafuta yao hayaharibu misitu.

Kanuni ya mwaka 2023 kuhusu misitu ni pana kuliko hiyo ya nishati, na ndiyo inayoifikia Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwezi Septemba 2023 nchi 17 za Amerika ya Kusini na ya Kati, Afrika na Asia, zikiwemo Brazili, Ghana, Nigeria na Indonesia, ziliwaandikia viongozi wa Ulaya zikilalamika kwamba kanuni hiyo inazipima nchi zote kwa kipimo kimoja na kwamba gharama zake zitawaangukia wakulima wadogo. Utekelezaji uliotarajiwa kuanza Desemba 2024 umeahirishwa mara mbili. Kuna wanaoona katika kuahirishwa huko ushindi wa nchi zinazoendelea. Haki ya mambo ni kwamba kampuni na baadhi ya serikali za Ulaya zenyewe zililalamika pia, na huenda sauti hizo ndizo zilizosikika zaidi.

Ugumu wa kanuni hii kwa kahawa ya Tanzania hauko katika ukataji wa miti. Kahawa yetu kwa sehemu kubwa kabisa inatoka kwa wakulima wadogo waliorithi mashamba yaliyokuwepo kabla ya wao kuzaliwa. Ugumu uko katika uthibitisho. Shamba lisilozidi hekta nne linahitaji nukta moja tu ya latitudo na longitudo, na hilo simu ya kawaida yenye ramani inaweza kulifanya. Lakini kahawa haiuzwi shamba kwa shamba. Mkulima huipeleka katika chama cha msingi cha ushirika, nacho hukusanya kutoka kwa mamia ya wakulima, na shehena inayofika mnadani ni mchanganyiko wao wote. Kanuni hairuhusu kahawa iliyothibitishwa kuchanganywa na ile isiyojulikana ilikotoka. Shamba moja lisilo na taarifa linaweza kukwamisha magunia ya kijiji kizima.

Yapo pia mambo ya kwetu wenyewe ambayo kanuni hii inayaweka hadharani. Katika Mkoa wa Kagera, butura, yaani kuuza kahawa ikiwa ingali mtini kwa bei ya kutupwa, na magendo ya kahawa ya maganda kuvuka mpaka, vimepigwa vita kwa miaka mingi kwa sababu vinamnyonya mkulima. Sasa vina ubaya wa ziada, kwa kuwa kahawa iliyopita katika mikono hiyo haina anwani. Usajili wa wakulima kupitia vyama vya ushirika, ulioanzishwa kwa ajili ya pembejeo na malipo, unageuka kuwa nyenzo ya kutetea soko.

Swali la msitu ni nini nalo si la kitaaluma tu. Kanuni inauita msitu eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayozidi mita tano na kivuli kinachofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi, isipokuwa pale ambapo ardhi hiyo kimsingi ni ya kilimo. Fikiria kihamba cha mteremko wa Kilimanjaro: juu miti ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi. Kwa maandishi ya kanuni, hilo ni shamba. Kwa picha iliyopigwa kutoka angani, linaweza kuonekana kama msitu uliofunga. Mkulima aliyetunza miti kwa vizazi vitatu akipunguza matawi anaweza kuonekana na ramani kama mharibifu, ilhali shamba lililofyekwa likabaki jeupe tangu enzi za mkoloni halimpi mtu yeyote shaka. Ndiyo maana taarifa za ardhini, zinazokusanywa na kumilikiwa na wakulima na mamlaka za nchi husika, zina thamani kuliko inavyodhaniwa. Zikikusanywa na mnunuzi pekee, mkulima atafungwa kwa mnunuzi huyo.

Kaboni nayo ina kanuni yake. Tangu Oktoba 2023 waagizaji wa saruji, chuma, alumini, mbolea, hidrojeni na umeme barani Ulaya wamekuwa wakitoa taarifa za hewa ukaa iliyozalishwa katika utengenezaji, na tarehe 1 Januari 2026 awamu ya malipo ilianza. Kwa Afrika, anayeumia mapema ni Msumbiji, ambayo imekuwa ikiuza alumini yake Ulaya. India imeipinga hatua hiyo kwa nguvu kila ilipopata jukwaa.

Nafasi ya nchi ndogo

Njia ya mahakamani ina vikwazo. Tangu Desemba 2019 Chombo cha Rufaa hakifanyi kazi, kwa kuwa Marekani ilizuia uteuzi wa wajumbe wapya. Nchi inayoshindwa mbele ya jopo inaweza kukata rufaa kwenye chombo kisicho na mtu, na shauri likaishia hapo. Kesi yenyewe huchukua miaka, na zao haliwezi kungoja. Katika kundi lote la nchi zenye maendeleo duni zaidi, ambamo Tanzania imo, ni Bangladesh pekee iliyowahi kuwasilisha malalamiko yake WTO, mwaka 2004, dhidi ya India kuhusu betri. Kutokana na pengo hilo, Kituo cha Ushauri wa Sheria za WTO kilianzishwa Geneva mwaka 2001, na nchi za kundi hilo zinastahili kupata huduma zake bila kulipa ada ya uanachama.

Upo wakati wa mapema zaidi, na wa gharama nafuu, wa kusema. Mkataba wa WTO kuhusu vikwazo vya kiufundi vya biashara unaitaka nchi inayoandaa kanuni yenye athari kubwa kwa biashara iitangaze rasimu yake na kupokea maoni ya nchi nyingine. Muda unaopendekezwa ni angalau siku 60. Ibara ya 12 ya mkataba huo inataka mahitaji ya nchi zinazoendelea yazingatiwe. Kila nchi mwanachama ina kituo cha maulizo kinachopokea matangazo hayo. Kwa Tanzania kituo hicho kipo katika Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na kwa Kenya kipo katika Shirika la Viwango la nchi hiyo, KEBS. Rasimu zinazopita hapo ni nyingi mno, na nyingi hazina uhusiano na mazao yetu, jambo linalofanya iwe rahisi ile moja yenye uhusiano kupita bila kuonekana.

Indonesia na Malaysia, licha ya kuwa na mashauri mahakamani, hazikungoja hukumu. Mwezi Juni 2023, mwezi uleule kanuni ya misitu ilipoanza kuwa sheria, zilikubaliana na Tume ya Ulaya kuunda kikosi kazi cha pamoja cha kujadili utekelezaji wake, yakiwemo masuala ya wakulima wadogo, ramani za misitu na ulinzi wa taarifa zao. Uganda nayo iliingia katika usajili wa wakulima wake wa kahawa nchi nzima. Kwa mkulima wa upande wetu wa mpaka, hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba jina lake, ukubwa wa shamba lake na mahali lilipo vimeandikwa sawasawa katika daftari la chama chake cha msingi kabla ya msimu wa mavuno.